Mbegu Zilizoelea

Shule ya Shambani,
karibu na Kimulot,
Ijumaa, 14 Septemba 1934

Dada yangu mpendwa Wilkista,

Nakusalimu kwa jina la Bwana Yesu, wewe na shemeji Ojwang na watoto wote. Mguu wa mama unaendeleaje baada ya ile dawa ya misheni? Mimi mwili wangu ni mzima. Baridi ya huku haijapungua, mvua inanyesha kila siku kuanzia saa nane, na sweta uliyonifumia inanisaidia sana, ingawa mikono yake uliipimia mtu mwingine.

Nakuandikia kwa haraka kwa sababu ya mke wangu Akeyo. Tafadhali usimpandishe gari la moshi kuja Fort Ternan mpaka upate neno jingine kutoka kwangu. Najua ameshafunga nguo zake. Usikasirike kabla hujafika mwisho wa barua. Ukifika, kasirika upendavyo.

Nilikwisha kukueleza jinsi nilivyochoka kusikia watoto wakiimba kurasa wasizozielewa. Basi mwaka huu nilipata kwa karani mmoja kitabu cha Kiingereza, si cha hadithi wala cha dini, bali cha kilimo cha chai. Nikawa nawafasiria ukurasa mmoja kwa Kiswahili, halafu tunatoka nje kuangalia kama maneno yake ni kweli. Ukutani nilibandika karatasi kubwa yenye safu tatu: Kitabu Kinasema, Sisi Tumeona, Mwalimu Anasema. Safu ya tatu ilikuwa yangu peke yangu, na hakuna jambo lililohesabiwa kuwa limekwisha mpaka niandike pale na kutia sahihi. Nilijivunia sana safu ile, dada.

Mwezi wa sita tulifika ukurasa wa mbegu. Kitabu kinasema mbegu za chai zilowekwe majini. Zinazozama ni nzuri, zinazoelea zitupwe kwa sababu hazioti. Hapo akasimama Nyamwange, msichana wa miaka kumi na miwili, binti yake Atuti anayelinda kibanda cha mbegu za chai hapa shambani. Aliuliza mwandishi alijuaje kwamba hazioti ikiwa alizitupa. Nilicheka kwa furaha. Nikamtuma yeye na wenzake jaani nyuma ya kibanda, wakaokota thelathini zilizotupwa, tukazifukia kwenye mchanga nyuma ya darasa na kuzifunika kwa gunia bichi. Kufikia mwezi wa nane, mbegu kumi na moja zilikuwa zimeota. Watoto walipiga kelele kwamba wamekishinda kitabu, nami nikaandika kwenye safu yangu: Kitabu kimekosea. Katika furaha ile nikasahau jambo ambalo hata mchumaji aliyefika jana analijua, kwamba huku mtu mweusi haruhusiwi kupanda chai, hata mche mmoja.

Juzi, watoto walipokwisha kwenda nyumbani, nyapara Onsongo alipita nyuma ya darasa, akaiona miche, akaenda moja kwa moja kwa bwana meneja. Meneja akasema hizo ni mbegu nzuri zilizoibwa kibandani, kwa kuwa zinazoelea haziwezi kuota, na akakitaja kitabu kile kile. Atuti aliapa hakuiba. Tunakaa naye benchi moja kanisani, na akiokota kifungo cha shati njiani huzunguka kambi nzima kumtafuta mwenyewe. Lakini alifungiwa stoo, na kesho atapelekwa boma la serikali huko Kericho. Mkewe Mellen na watoto wameambiwa waondoke kambini siku hiyo hiyo.

Jana asubuhi, watoto wakiingia tu, meneja alikuja darasani na Onsongo, akauliza nani anajua habari za mbegu hizo. Nyamwange alisimama, akasema zilitoka jaani na kwamba kila kitu kimeandikwa ukutani. Wote tukageuka kutazama. Ukuta ulikuwa mtupu. Meneja akaniuliza kama kulikuwa na karatasi ya namna hiyo. Nikamjibu kwamba siikumbuki.

Dada, karatasi ile niliichoma mimi. Niliposikia tu kwamba Onsongo amekwenda kwa meneja, niliibandua nikaisukuma chini ya sufuria ya uji wa watoto, kwa sababu ilikuwa na sahihi yangu. Nilijiambia nafanya hivyo kwa ajili ya mama na kwa ajili ya Akeyo. Si kweli. Niliogopa, na nikamwacha mtu asiye na kosa abebe kosa langu mbele ya mtoto wake.

Leo asubuhi nimekuta karatasi mpya ukutani. Nyamwange ameiandika upya kutoka kichwani mwake: mbegu thelathini, zilizoota kumi na moja, mchanga, gunia, na tarehe zote. Safu ya kwanza imejaa, na ya pili imejaa. Ya tatu ameiacha wazi. Ameniamkia kwa adabu kama siku zote, na hiyo imeniuma kuliko kama angenitukana.

Nimewapa watoto hesabu za kufanya, nami nimeijaza safu yangu. Nimeandika: Mbegu zilitoka jaani. Mimi ndiye niliyeagiza zipandwe. Mimi ndiye niliyechoma karatasi ya kwanza na kusema uongo. Atuti hana kosa. Kisha nikatia sahihi. Nikimaliza barua hii nampa Osoro wa mkokoteni aipeleke posta, halafu naibandua karatasi na kwenda nayo kwa meneja. Sijui nitalala wapi leo.

Msalimie mama, umwambie kwa upole. Akeyo usimfiche kitu. Msomee barua yote, hata pale ninapoaibika. Wasalimie wote wa kanisani, na mniombee.

Ni mimi mdogo wako,
Kepher Okello

Nyamwange amekuja mbele kusoma nilichoandika kwenye safu ya tatu. Amesoma mara mbili, kisha akaniambia mwalimu amesahau tarehe. Nimeiweka.