Soli za Mama

Kwako Dada,

Hujambo, na shemeji hajambo? Wapwa zangu je, bado wanagombea kiti cha dirishani? Sisi huku tunapumua. Mimi bado nipo chumba cha pasi pale hotelini, nanyoosha mashuka kutwa nimesimama. Kichekesho ni kwamba jina la Pasi ulinibandika wewe tukiwa wadogo, kwa ajili ya nyayo zangu bapa, zisizo na uvungu, na kazi ikaja kulifuata jina.

Barua yako ilifika. Nilimsomea Mama yote, hata pale ulipoandika kwamba ulihangaika kwa mafundi mpaka akatengenezewa soli za kuweka ndani ya viatu, kwa kipimo cha unyayo wake, na yeye kwa ukaidi bado anaonekana na ndala, basi akiumwa asikulilie tena. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema una haki ya kukasirika, kisha akaenda kuanua nguo. Tangu hapo hajakutaja, ila simu ikilia anageuka.

Jumanne nilimpeleka kwa daktari wa mifupa. Mguu wa kulia umevimba upande wa ndani, chini ya kifundo, na ndala yake imelika upande huo huo. Daktari alimwambia ashike ukuta, asimame kwa mguu ule mmoja, ainue kisigino. Mama alikaza meno, kisigino hakikubanduka sakafuni. Akajaribu tena bila kuambiwa; unamjua, hapendi kushindwa mbele ya watu.

Daktari alitueleza taratibu kwamba uvungu wa unyayo hushikiliwa na kano inayopita nyuma ya kifundo cha ndani. Ya Mama ilianza kuchoka miaka ile ya kupiga deki madarasa, ikalegea kama mpira wa suruali kuukuu, na uvungu ukalala. Mwanzoni, alisema, huenda mapumziko, soli za kuuinua na mazoezi ya visigino vingemsaidia sana. Sasa viungo vimekakamaa. Atavaa kifaa cha kubana kifundo, na maumivu yasipopungua itabidi apasuliwe. Kazi ya shule aiache. Mama aliuliza jambo moja tu, kama ataweza siku moja kupanda ngazi za nyumbani kwako. Daktari akasema tungoje tuone.

Kisha akauliza kama hakuwahi kupewa soli. Mama akajibu haraka kwamba alipewa, lakini hakuzivaa, ukaidi wa uzee.

Dada, nimeyazungusha maneno vya kutosha. Kifurushi chako nilikipokea mimi, Mama akiwa kazini. Siku zile miguu ilikuwa inaniwaka moto, na msimamizi alikwisha kunionya kwamba nikikutwa tena nimekaa ataweka mtu mwingine. Nikajiambia nitazivaa wiki moja, ndipo nimpe. Mama ana mguu mkubwa, unakumbuka tulivyokuwa tukimtania, kwa hiyo nilizikata mbele kwa kisu zinienee. Baada ya kisu sikuwa tena na cha kumpa. Wiki ikawa miaka miwili.

Na wala hazikunifaa. Jumanne hiyo hiyo nilimwomba daktari anitazame na mimi. Aliniambia nisimame kwa vidole, na uvungu ukajitokeza. Akasema nyayo zangu nimezaliwa nazo hivyo, si ugonjwa. Viatu vizuri vingenitosha, na soli iliyopimwa kwa mguu wa mwingine ndiyo iliyokuwa ikinizidishia maumivu. Nimemwibia Mama mguu wake bure.

Nilimwambia tukiwa kwenye benchi la nje. Hakushangaa. Alisema aliziona tangu siku ya kwanza, nilipovua viatu mlangoni. Alinyamaza kwa kuwa nami nilikuwa nasimama kutwa, na aliona afadhali umkasirikie yeye kuliko mimi, maana yeye ni wa kupita na sisi tutabaki wawili. Nililia mbele za watu, Dada, mtu mzima na ndevu zangu.

Hasira yako nielekezee mimi, naistahili yote. Lakini mpigie Mama simu, nakusihi, kabla hujanijibu.

Nyuma ya karatasi hii nimemchora unyayo kwa penseli, akiwa amesimama. Kile kipimo cha kwanza naamini bado unacho, viweke pamoja. Nilipofika upande wa ndani, Mama aliniomba niupinde mstari kidogo, usije ukaona jinsi uvungu ulivyolala. Sikuupinda.

Nisalimie shemeji na watoto.

Mdogo wako,
Pasi