Mboga Yenye Ilishika Mawe

Kamina, siku ya tano ya juma

Na minyi nikamwambia mama-mukwe aksanti. Njo kitu kinanikasirisha zaidi.

Nilitoka kufundisha ku masomo, nikarudi ku nyumba, nikakuta sanduku yangu ya kioo iko na samaki, maji na changarawe tu. Majani yote yenye nilitoa mu maji ya Bukama, nikapanda bila udongo, iko mu nyungu. Mama-mukwe alifika asubuhi, akaona mboga, akapika na mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese.

Kwetu mukwe hakatae chakula ya mama-mukwe. Bibi yangu, mutoto wake, aliinama kuficha kicheko. Nikakula. Ilikuwa kama kutafuna kamba ya viatu.

Bantu bote walinichekaka, ati majani haiwezi kumea mu mawe matupu. Hata minyi nilianza kuogopa haitashika.

"Mboga yako inashika, baba," mama-mukwe akasema. "Nilivuta na mikono yote mbili, mizizi inakataa kuachilia mawe."

Nikamuomba aniongezee.

"Samaki niliacha ikomae kwanza," akasema. "Nikiisha kuipika, njo nitarudia kwetu Mulongo."

Ile ni aina ya samaki yenye haipite kidole, hata izeeke.