Ukuta wa Hoteli Nao Upimwe

Kijiji cha Likumbo,
Kupitia Chiwanda,
Nyasa.

9 Juni, 2025.

Mpendwa kaka Augustino,

Shikamoo kaka. Unaendeleaje na kile kifua? Na wifi Beata, na watoto, wote wazima? Poleni na kazi za mgodini. Sisi huku tuna uzima. Mama anakula vizuri, anagombana na kuku kama kawaida yake, na ameanza tena kulalamikia goti, ndipo nikajua moyo wake umetulia.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Ulisema, "Luisa, msishindane na wakubwa. Vunjeni, mhame, mama nitampangia chumba Mbinga." Nilinyamaza kwa heshima. Sasa nisikilize mpaka mwisho.

Unakumbuka ziwa lilivyopanda baada ya mvua za mwaka jana. Jiko la jirani yetu Gertruda liliondoka na vyungu vyake, na kwa mama maji yalilala mlangoni. Hakuna aliyebisha kwamba inabidi tusogee. Hata watu wa mradi wa kuhifadhi ufukwe walipokuja kuchora X nyekundu kwenye kila nyumba iliyo ndani ya mita sitini kutoka majini, sisi wenyewe ndio tuliowatolea viti.

Hasira zilianzia mkutanoni. Bwana Henry, msemaji wa mradi, alieleza habari za mabadiliko ya tabianchi vizuri tu, akataja joto, mvua zisizotabirika, na miti itakayopandwa ufukweni. Halafu akasema viwanja vyetu vipya viko mlimani, kule kwenye mawe, kusiko na bomba wala njia ya kushushia mitumbwi. Nikasimama nikauliza, "Na ile hoteli? Ukuta wake unalowa mawimbi, mbona hauna X?"

"Yule ni mwekezaji, dada. Ana utaratibu wake."

Mama alikuwa ameketi na fimbo yake mapajani. Hakusimama. Alisema tu, "Kwani ziwa linamjua mwekezaji?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti wetu Salvatory akagonga meza. Mimi sikucheka. Kaka, sisi hatuna kiwanda, hatuna gari, umeme wenyewe tumeupata juzi. Joto hili hatukulileta. Leo tunaambiwa tulilipie kwa nyumba zetu, na mwenye jenereta inayonguruma kutwa abaki anatazama maji. Wakiita hifadhi, waite. Mimi naona tunaondolewa ili wageni wapate pa kuogelea.

Siku ya kubomoa, tingatinga lilipofika, wanawake tulibeba vichanja vyetu vya kuanikia usipa, dagaa wetu wa ziwani, tukavisimika mchangani, mbele kabisa ya ukuta wa hoteli. Tukaanika. Unaijua harufu ya usipa jua likipanda. Wageni wakaanza kuhamisha viti. Mwenye hoteli akatoka anafoka, "Ondoeni uchafu wenu! Hapa ni kwangu!"

"Hapa ni ndani ya mita sitini," nikamjibu. "Tukiondoka, tunaondoka wote."

Wakaitwa askari wawili. Wakanijia mimi moja kwa moja. Lakini mama alikuja akijikongoja, akaweka kigoda chake kati yangu na wao, akakaa akaanza kuchambua usipa. Wakamwamkia. Ukishamwamkia mtu shikamoo, utamburuta vipi tena?

Hatukutoka pale hadi mkubwa wa mradi alipokuja mwenyewe na kuamuru futi ya kupimia ivutwe kutoka majini mbele ya watu wote. Ilipita ukuta, ikapita baa, ikaishia jikoni mwa hoteli. Bwana Henry akachora ile X kwa mkono wake, bila kututazama. Ukuta ukabomolewa kwanza, ndipo zikafuata nyumba zetu.

Ndiyo kaka, nyumba uliyomjengea mama imevunjwa. Najua jasho lako lilivyoingia mle. Mama alikataa tingatinga liiguse kabla hajautoa mlango. Alilia, akaufunga kanga, tukaubeba. Lakini mlimani kwenye mawe hatukwenda. Palepale kwenye vichanja tulidai na hilo, tukapewa viwanja karibu na shule, bomba limefika, na njia ya kushukia ziwani imeachwa wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo hicho chumba cha Mbinga mwachie mwingine.

Bado hatujamaliza. Erasmo, yule fundi nyavu, na wapangaji wenzake hawakupewa kitu, eti kwa kuwa nyumba walizovunjiwa hazikuwa zao. Kana kwamba maji yalipoingia yaliwaruka wao. Walisimika vichanja pamoja nasi, wakafokewa pamoja nasi. Jumatatu ijayo tunakwenda ofisi ya mradi, wao mbele, sisi nyuma yao, na mama amekwisha sema kigoda chake kibebwe. Ukinipigia siku hiyo usinipate, usiniombee ninyamaze. Niombee sauti.

Nisalimie sana wifi Beata, na Polikarpo, mwambie shangazi yake anamtaka afaulu. Gertruda anakusalimu, ana jiko jipya. Mungu akushushe salama mgodini na akupandishe salama kila siku ya kazi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata tunapobishana,

Luisa.