Nilikula Ngombe ya Papa Ntwari

Mama Daphrose, wewe mwenye kutusikia kwa radio, niokoe mbele haya iniue. Mimi ni Céline wa Kashuga, kwetu ni Walikale kwenye pori, vita njo ilituleta huku, na kule kwetu ngombe tunaijua kwa sahani tu. Jirani yangu Papa Ntwari alitoka Uganda, anatengeneza fromage, ile jibini ya maziwa, na tangu afike ananunua maziwa ya wamama, haimwagike tena, hata bwana yangu anafanya kazi kwake. Zamani wageni walikuwa wanafukuzwa, lakini sasa kanuni imebadilika, mugeni mwenye kuletea watu kazi anaweza kubakia, bora jirani mumoja amushuhudie mbele ya chefu, mukubwa wa kijiji. Akanichagua mimi! Akaniletea na ngombe jike, ingali kijana, akasema, "Hii ni ya urafiki." Tukaichinja kwa sikukuu ya komunyo ya kwanza ya mutoto kanisani, tukamualika na yeye. Aliangalia sahani, akakunywa maji, akaenda. Kisha bibi yake akaniambia kwao ngombe ya vile inafugwa, mutoto yake ya kwanza inarudishiwa aliyeitoa, njo watu wanakuwa ndugu. Yesu wangu! Jumamosi tunaitwa kwa chefu, nisipoenda atafukuzwa, na mimi nawaza kusema niko mugonjwa, juu nitamushuhudia namna gani mutu ambaye ngombe yake nilikula na bugali?

*

Céline mwanangu, nimecheka, kisha nikakasirika. Mimi ni mutoto wa wachungaji wa ngombe, kule Nyamitaba. Ngombe ya urafiki ndani ya chungu! Hata kuuliza? Kinywa ulikuwa nacho, ukakitumia kutafuna tu.

Lakini kula bila kujua si zambi. Zambi ni huo ugonjwa wa uongo. Wewe mwenyewe ulipokelewa Kashuga ukikimbia. Ukilala Jumamosi, mugeni anaenda, maziwa inamwagika, bwana yako anakosa kazi, na haya yako itabakia palepale. Leo hii, beba mawese na ndizi, vitu vya kwenu, uende kwake na bwana yako. Sema: "Papa, sikujua, utusamehe." Kisha kwa chefu sema vile unaona kila siku, bila kuongeza.

Jibu hii nilimutumia Céline kwanza, na mbele ya kuisoma kwa radio naongeza: amenipigia simu, analia na kucheka. Alienda. Papa Ntwari akamujibu, "Mama, nilinyamaza juu niliogopa utaona haya, usikuje kwa chefu." Kumbe waliogopana bure! Jumamosi akamushuhudia, ruhusa imetoka, anabakia. Mungu asifiwe, hata mimi nimepumua.

Na amewapa ngombe ingine. Ameipa jina: Haikuliwi.