Taima niliyoipa jina la mama

Atiir, uko? Nimetoka tu mkutanoni hapa Lodwar.

Ekiru, huyu tunafanya kazi naye, amesimama mbele ya watu akaonyesha ile taima yangu ya kernel, ule moyo wa mfumo unaoendesha chipu. Yangu. Akasema, "Nimebuni."

Wewe unajua vile niliipata. Mama hatumi mtu bombani na mtungi mmoja. Anangoja mitatu iishe, bora bomba lisifungwe. Nikasema basi kila programu iambie kernel inaweza kungoja mpaka lini, ndio chipu iamke mara moja, imalize kazi zote, ilale tena, betri ikae. Nilimweleza Ekiru hayo huko Kakuma, akikula chakula cha mama.

Leo amewaambia, "Nilijifunza kwa mama yangu." Mama yake, Atiir. Mama yake ako na bomba ndani ya nyumba.

Na hata hakubadilisha jina. Liko pale kwa skrini, jina la mama, nyandeng. Mzee mmoja akauliza, "Nyandeng ni nani?"

Ekiru akaniangalia, mimi niko kiti cha mbele.

Akasema, "Ni jina tu."

Asubuhi mama alitufungia mimi na Ekiru samaki wa njiani. Kipande kikubwa alimpa yeye.