Mawe Tuliyoyakalia

Jumatatu, 3 Machi
Mvua imekataa. Vumbi la machimbo linaingia mpaka kwenye uji. Mgongo unauma upande wa kushoto. Mutiso, nyapara wetu, bado ananiita muthoni, yaani shemeji. Eti dada yake wa Muthetheni anatafuta bwana, na mimi Mbukusu nisiye na ng'ombe nitapunguziwa mahari. Wote hucheka. Mimi pia. Nimechoka kucheka.

Musyoka amerudi chumbani na furaha. Tunachonga mawe pamoja na tunaishi pamoja hapa Mlolongo. Majirani wanajua tunagawana kodi tu. Kuna mpiga picha anaitwa Mumbua, wa Machakos mjini. Anapiga picha za watu kama sisi, za maonyesho na za maandamano ya kupinga muswada wa kutufunga. Musyoka amekubali. Mimi nimekataa.

Jumapili, 9 Machi
Nimekubali.

Leo machimboni hakuna mtu, wote wako kanisani. Mumbua ni dada mpole, anauliza kabla ya kila kitu. Nilimwambia uso wangu hapana, mama yuko Webuye na ana simu. Akasema sawa. Musyoka alitazama kamera. Mimi niliipa mgongo, kichwa begani kwake. Tulikalia mawe niliyochonga Ijumaa. Miaka minne ya kupendana na sikuwahi kumwegemea mchana. Jua lilikuwa kali. Sikutaka iishe.

Ijumaa, 14 Machi
Maandamano yalikuwa jana, Nairobi. Musyoka alienda, mimi nilikuja kazini. Picha yetu ilibebwa kama bango. Leo iko kwenye kila simu hapa. Musyoka alijua atatambulika, hakuja. Mimi nilijiona salama. Sina uso.

Mutiso akaikuza picha kwa vidole viwili. Hakuwa anatafuta mgongo. Alikuwa anatazama mawe. Kila mchongaji hapa hukata alama yake pembeni mwa jiwe, ili lori likija ijulikane jiwe ni la nani. Yangu ni mistari miwili na tundu. Imetoka wazi kama jina kwenye kitambulisho. Mumbua hangeweza kujua. Mimi nilipaswa kujua. Niliikata kwa mkono wangu.

Hakuna aliyenigusa. Hakuna aliyenishikia kabari pia, na jiwe kubwa halipasuliwi na mtu mmoja. Nimekaa chini mpaka saa kumi.

Jumatatu, 17 Machi
Mutiso ameniita kando. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo baya.

"Wewe ni mtu wa kazi," akasema. "Sema tu si wewe. Hawa vijana nitawatuliza."

Nikasema mbele ya wote, kwa sauti: "Siku hiyo nilikuwa kanisani. Musyoka alileta mtu wake hapa, wakakalia mawe yangu."

Mmoja akauliza kama sikujua ninalala chumba kimoja na nani. Nikasema sikujua, na kwamba namfukuza leo leo. Wakacheka. Kabari ikashikwa.

Mchana Mutiso ameniita muthoni tena. Nikala githeri yangu, nikaimaliza.

Jumanne, 18 Machi
Jana niliogopa kumwambia Musyoka. Leo nimerudi nikakuta ameshasikia. Alikuwa anakunja mashati. Nilianza kueleza: mama, dawa zake za sukari, kwetu hakuna kazi. Akaniacha nimalize yote.

"Haya," akasema. "Huyo mtu niliyemleta alikuwa nani?"

Alisubiri kweli, shati mkononi. Kisha akalitia kwenye begi.

Ameenda Machakos. Mumbua amempa mahali pa kulala. Mimi ni mwoga. Naandika hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Jumamosi, 22 Machi
Kazi. Manyunyu kidogo. Sijapika siku nne.

Jumapili, 30 Machi
Nimeenda Machakos kuona maonyesho. Mumbua alikuwa amenitumia ujumbe kwamba ataiondoa picha nikitaka. Sikumjibu.

Ukumbi mdogo, watu wachache, wengi wanafunzi. Musyoka hakuwepo. Nilimtafuta kwanza, kisha nikaitafuta picha. Mumbua ameifuta alama kwenye mawe. Sasa ni mawe tu. Chini wameandika jina la Musyoka peke yake.

Mama mmoja mzee alikuja akasimama kando yangu. Alikuwa na Biblia kwenye mkoba, labda ametoka ibadani. Nilidhani atatukana. Akaniuliza kama nawajua hawa.

Nikasema namjua huyu mwenye uso.

Akatazama tena. Akasema huyu mwingine ameegemea kama mtu ambaye hajalala siku nyingi.

Nikasema ndiyo.

Kisha akaenda kwenye picha inayofuata.