Sauti ya Kabula Bila Gitaa la Masanja

Kabula, ng'wanawane, mtoto wangu,

Mjomba wako ni mzima, na mama yako ni mzima kwa kadiri ya mtu aliyemzika mwanawe. Mtama tumeshavuna. Yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa akikufuata kisimani amezaa. Nakuandikia kwa sababu nina habari ya Masanja, ni habari tamu, na hapa nyumbani hakuna tena wa kumsimulia. Mke wangu Mama Shija nikifungua mdomo tu anachukua ndoo anakwenda kuteka maji.

Kwanza ujue alichokufanyia, maana wewe ulikwenda ukimwamini. Homa ilipokuchukua tulimpelekea ujumbe Geita, kule Kalangalala anakopiga gitaa baa. Hakuja kuzika. Hakuja kumaliza matanga. Tukasema labda usafiri. Halafu dereva mmoja wa lori la pamba akatuletea maneno: Masanja anaimba wimbo wako. Ule wa mtama, ulioutunga hapa uani kwangu ukipepeta. Ameutia ngoma za kurushia mateke, na kabla hajaanza anatangaza, "Huu nimeutunga mwenyewe. Kuna binti mmoja wa Maganzo alikuwa ananiitikia, Mungu amrehemu."

Kumuitikia. Ati wewe ulikuwa wa kumuitikia yeye!

Siku hiyo sikula. Mimi, niliyewahi kumaliza mbuzi mzima peke yangu nilipokuwa kibarua mgodini Mwadui, mpaka wapishi wakatoka jikoni kuja kunitazama.

Unakumbuka tulivyourekodi? Masanja alipiga gitaa lake asubuhi, kwenye mkanda wake, miguu yake tayari iko barabarani kuwahi lori. Wewe uliimba kesho yake kwenye mkanda mwingine. Nilikuwekea kile kidude cha sikioni ulisikie gitaa peke yako, nikakuingiza kichwa ndani ya kihenge kitupu cha mtama, kipaza sauti kinaning'inia kwa kamba ya katani. Mama Shija akauliza kama tunafukuza panya. Lakini sauti iliyotoka mle, nakwambia, kuku waliokuwa wanapigana waliachana. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo. Nimeishia darasa la nne, ila masikio yangu yamefika mbali.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuichanganya mikanda miwili iwe mmoja. Redio kaseti mbili zinasema, ya tatu inasikiliza, mimi katikati na nyaya zangu nilizoziunga kwa msumari wa moto. Tulibishana sana. Mimi nilitaka kila kitu kiwe juu, besi itikise bati. Wewe ukasema, "Mjomba, unapenda makelele kama mnada. Lishushe gitaa. Nataka mtu aone kama nimekaa naye mkekani." Nikakwambia hujui mambo ya mitambo. Ukacheka ukajifunika kanga. Wiki iliyofuata ukalala na hukuamka tena kupepeta.

Basi nilipopata habari za Masanja, niliitoa mikanda sandukuni. Betri zilikuwa zimekwisha nguvu, na unajua betri zilivyo adimu siku hizi. Nikazianika juu ya bati mpaka zikachemka, zikarudi na akili zake. Nikaapa: gitaa la mtu yule haliingii. Nilitaka afutike, usibaki hata mkwaruzo wa kucha yake.

Nikaucheza mkanda wako peke yake. Kabula, sikuwa nimejua. Unauliza, "Mvua ikinikuta njiani, nani atanianulia mtama wangu?" Halafu unanyamaza. Pale ndipo gitaa lilipokuwa likikujibu. Sasa hakuna. Inasikika pumzi yako tu, unangoja. Unauliza tena. Unangoja tena.

Nilitoka nje nikakaa kwenye kinu.

Nikajaribu kupaziba. Niliweka ngoma, ikawa kama mtu anagonga mlango wa mgonjwa. Niliweka zeze. Nilipiga mluzi mwenyewe, na mluzi wangu unajulikana toka hapa mpaka Ushirombo. Mama Shija akaja akasimama mlangoni. Akasema, "Baba Shija, mwache mtoto angoje." Nikaacha. Nikapunguza na ule ukali wa juu unaochoma sikio, nikakuleta karibu vile ulivyotaka. Mkekani.

Sasa sikiliza nilivyompata.

Baada ya mavuno alikuja Maganzo na bendi yake, na jenereta, na spika mbili ndefu kama makabati. Nikamfuata mbele ya watu. Nikamwambia, sisi hapa tunajua namna ya kumaliza ubishi wa waimbaji tangu kwa babu zetu, vyama viwili vya ngoma, Wagika upande huu, Wagalu upande ule, uwanja mmoja, wakati mmoja, na anayevuta watu ndiye mwenye wimbo. Akatazama mzigo wangu: redio, betri ya gari, na spika moja niliyoifunga ndani ya kibuyu kikubwa. Akacheka. "Mzee, umekuja kutusomea taarifa ya habari?" Watu wakaangua kicheko. Wapo waliosema nimezika dawa ya mvuto uwanjani. Sikuwakatalia. Dawa yangu walikuwa wameizika wao wenyewe, siku waliyokuzika wewe, nao walilia.

Akaanza kwa kishindo. Vumbi likapanda. Watu wote walikuwa kwake, upande wangu amebaki mama yako na mbwa. Nikangoja. Alipomaliza wimbo wa kwanza, wakati anakaza nyuzi, nikabonyeza.

Sauti yako haikuruka. Ilitembea. Akina mama waliokuwa pembeni wanauza karanga wakageuka. Mmoja akasema, "Huyo si Kabula?" Wakaja. Na kwa kuwa ilikuwa ya chini, kila aliyetaka kuisikia ilibidi asogee, na aliyesogea alimnyamazisha mwenzake. Uwanja ukaegemea upande wetu kama maji yanavyoegemea ndoo iliyoinama. Masanja akampa ishara mpiga ngoma. Mpiga ngoma aliweka fimbo zake chini, akavua kofia.

Ukauliza lile swali la mtama. Ukanyamaza. Pumzi yako ikasikika uwanja mzima.

Ndipo gitaa lilipojibu.

Nilitazama waya zangu, nikidhani mkanda wake umeingia kwa uchawi. Siyo. Alikuwa ni Masanja mwenyewe, kule, kichwa chini. Vidole vilikwenda vyenyewe, palepale pa zamani, taratibu. Ukauliza tena, akakujibu tena. Mpaka mwisho. Aliyekuita mwitikiaji alikuitikia mbele ya watu wa kwenu, na ningeweza kumzima lakini sikumzima, maana hakuna kiboko cha kumchapa kilichozidi hicho. Mama yako alivuka uwanja akamwambia, "Wimbo huu ni wa nani?" Akasema, "Wa Kabula, mama." Mama yako akamwambia, "Sema wasikie." Akasema tena, kwenye kipaza sauti chake.

Usidhani nimemsamehe. Alinisalimia, "Shikamoo mjomba," nikaiacha shikamoo yake ipigwe na jua. Hakuja kukuzika. Nilimwambia kila mwaka mtama ukishaingia nyumbani nitaupiga mkanda huu kwenye uwanja ule, bila gitaa, na yeye atakuja kusimama ng'ambo na kukuitikia mpaka nywele zake ziwe pamba. Asipokuja, watu watasikia unavyongoja, na watauliza nani anangojwa, na mimi mdomo ninao.

Lala sasa, mpwa wangu. Mvua za kwanza zimeanza kunukia huku. Ukiona mawingu huko uliko usiharakishe, mtama wako nimeuanua mimi. Mwakani nitakuamsha kidogo tu, kwa sauti ya chini.

Mjomba wako,
Baba Shija, Maganzo